Kisu cha Mpini wa Pembe

Mwaka mzima nilikuwa nanunua visu vya kukunja, vile vya kizamani ambavyo wazee wa kwetu hawatoki nyumbani bila kimoja kwenye mfuko wa koti. Nilivipata kwa wauza vyuma chakavu na kwenye mitumba, Moshi mjini. Desemba ilipofika vilikuwa tisa. Nikavipanga mezani, nyumbani kwangu mtaa wa Soweto, nichague kimoja cha kwenda nacho kijijini kwetu Masama, huko Hai, wakati wa Krismasi, maana mwanaume mzima huwezi kusimama penye mbuzi anayechunwa ukaazima kisu cha mwenzako.

Mke wangu akapita, akacheka. "Mwenzetu unachagua kisu au mchumba?"

Nilikuwa nimeshakamata cha mpini wa pembe. Kulikuwa na kimoja kilichong'aa kuliko hicho, lakini hiki kilikaa mkononi sawasawa, dole gumba likaingia kwenye kibonyeo kilicholika kwa kushikwa. Nikakipenda palepale. Halafu nikaingiwa na wasiwasi: kwa nini kinikae hivi? Marehemu baba alikuwa na kisu cha mpini wa pembe, na tangu tumzike, miaka sita sasa, hakuna aliyekiona tena.

Mimi nina tabia mbaya, nikishashuku jambo situlii. Nikarudi kwa muuzaji kumhoji alikipata wapi.

"Kuna mzee mmoja wa huko Hai aliniletea," akasema. "Ana koti la kijivu."

Haya! Baba yangu mdogo ana koti la kijivu. Kwamba nusu ya wazee wa Hai wana koti la kijivu, hilo sikutaka hata kuliwaza. Nikakumbuka kuwa wiki ya msiba ufunguo wa chumba cha baba alikaa nao yeye. Nikakumbuka na jinsi alivyokuwa akikwepa macho yangu siku zile. Kumbe!

Siku ya Krismasi, baada ya misa, mbuzi akachinjwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, kati ya migomba na kahawa. Baba mdogo ndiye mkubwa wetu sasa, kwa hiyo yeye ndiye anayegawa nyama, kila mtu na kiungo chake kwa desturi. Nilimpa shikamoo ya shingo upande. Nikatoa kisu changu, nikakilaza kwenye jani la mgomba mbele yake, nikamkazia macho.

"Kisu kizuri hiki," akasema, akaendelea kukata.

Hapo nikachemka. "Hukijui, baba mdogo? Si kile ulichokiuza, cha baba?"

Nilisema hivyo mbele ya wanawe na wakwe zake. Mkono wake ukasimama juu ya nyama.

Aliyenijibu ni mama. "Wewe mtoto una wazimu? Kisu cha baba yako anacho mwenyewe kaburini. Baba yako mdogo alikitia kwenye mfuko wa koti la marehemu kabla jeneza halijafungwa, mimi nimesimama pale pale. Wewe ulikuwa nje unalia."

Jamani, aibu niliyoipata! Nyama iligawanywa, na fungu langu nilipewa kamili, baba mdogo hakupunguza hata kidogo. Sikuweza kulila.

Kesho yake asubuhi nikakata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba, nikampelekea baba mdogo kwa mikono miwili. Kwetu ukimletea mtu isale hawezi kukunyima msamaha, na yeye hakuninyima. Alilipokea, akaniita mwanangu, akaagiza niletewe mbege, pombe yetu ya ndizi. Nikashusha pumzi.

Pembeni yake, juu ya kigoda, kilikuwepo kisu chake alichokuwa akimenyea ndizi. Nilipovuta kiti nikae karibu, alikikunja taratibu bila kunitazama, akakitia mfukoni, asije akaulizwa na hicho ni cha nani.