Jina la Velizar Langoni

Kila mwaka tangazo la kumkumbuka Milen Zarev lilibandikwa kwenye lango la nyumba yake, kwenye nguzo ya taa na kwenye mlango wa duka la mikate, na kila mwaka Velizar alilisoma asilione jina lake. Chini ya picha ya mwimbaji waliandikwa dada yake Donka, wapwa, na wapenzi wa nyimbo zake. Mwaka huu ulikuwa wa kumi tangu afe. Jukwaa la bustani lilikuwa linapewa jina lake, na wanamuziki walikuwa wanakuja kutoka Sofia, mji mkuu.

Velizar alikuwa dereva wake miaka ishirini na mmoja. Ndivyo ilivyosemwa. Alimwendesha kutoka harusi hadi harusi, akampigia pasi mashati ya kung'aa, akamchemshia chai ya majani ya mlimani koo lilipomkauka. Walilala chumba kimoja. Mji mzima ulijua na mji mzima ulinyamaza, maana wanaume waliomcheka Milen kilabuni ndio hao hao waliotokwa na machozi alipowaimbia kwenye harusi za binti zao. Waandishi walipomuuliza anaishi na nani, Milen alicheka akasema anaishi na dereva. Velizar naye alicheka. Milen alipokufa nyumba ilimwendea Donka, naye akamwachia Velizar chumba cha nyuma, chenye jiko la kuni na kitanda.

Wiki moja kabla ya sherehe, Velizar alikwenda kwa Radoy, mchapaji wa matangazo ya vifo, akataka tangazo lake mwenyewe la kumkumbuka Milen.

"Nikuandike nani?" Radoy aliuliza. "Maneno ninayo: mke, watoto, ndugu, wafanyakazi wenzake. Chagua."

"Dereva," Velizar alisema, akainamisha macho.

"Gari liliuzwa zamani, kaka. Dereva wa nini?"

Velizar alivua kofia, akaivaa tena. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Andika: Velizar, wa nyumbani kwake."

Radoy hakutania tena. Aliandika.

Lakini mdomo wake haukuwa na mlango, na kabla ya jioni Donka alikuwa amesimama kizingitini pa chumba cha nyuma. Hakuingia.

"Nimekuweka hapa miaka kumi," alisema, "sikukuuliza kitu. Na wewe usinijibu mbele za watu nisilouliza. Ukiibandika karatasi hiyo, tafuta pa kulala."

Velizar alikuwa na miaka sitini na minane na goti bovu. Siku mbili hakula vizuri. Alikitazama kitanda, akalitazama jiko, akahesabu watu ambao wangeweza kumpokea, hakupata hata mmoja. Mara mbili aliikunja karatasi aitie motoni, mara mbili akaikunjua.

Siku ya sherehe, asubuhi, watu walikusanyika langoni kabla ya kwenda bustanini. Velizar alipita katikati yao na brashi ya gundi. Aliibandika karatasi yake kwa haraka chini ya tangazo la familia, ikakaa upande. Mtu mmoja aliyasoma majina kwa sauti, alipofika la mwisho akageuka kumtazama Velizar.

Donka akatoka na bakuli la ngano ya kuchemsha, ile wanayogawiwa watu ili marehemu asamehewe. Aliiona karatasi. Alinyoosha mkono aibandue, akaona macho ya watu, akaurudisha. Akaanza kugawa, kijiko kwa kila kiganja, maana ngano ya marehemu hanyimwi mtu. Alipofika kwa Velizar alimimina bila kumtazama.

"Mungu amsamehe," alisema, kama alivyowaambia wote. Kisha polepole, "Vitu vyako uviondoe kabla ya Jumapili."

"Mungu amsamehe," Velizar alijibu.

Huko bustanini walikuwa wameanza kuimba wimbo wa Milen, na watu wakaondoka kuufuata. Velizar alibaki langoni, akala ngano yake yote, punje kwa punje, kisha akainyoosha karatasi iliyokaa upande kabla gundi haijakauka.