Sinia la Mwenye Taa

Duka la Hajji pale Jinja lilinukia udi, sabuni ya mche na rangi ya bati jipya, na mpaka leo harufu hiyo ikinipitia nasimama. Humo ndimo nilimoliona sinia lile la bati. Katikati lilikuwa na Yesu mwenye taji na kanzu ndefu, taa mkononi, anabisha mlango ulioota magugu. Nimekuja kujua ukubwani kwamba picha ile ilichorwa Uingereza, enzi za Malkia Victoria, na kila kitu ndani yake kina maana: taa, magugu, hata umande. Mimi niliyeishia darasa la nne nalijua hilo. Wenye digrii wangapi hawalijui!

Msimu ule nyumba yetu ilikuwa baridi. Baba, askari magereza, alikuwa amemtukana kaka yake mama mbele ya wageni, na mama akarudi kwao Busiu, njia ya Mbale. Baba akasema mlango wake uko wazi, mke atarudi mwenyewe. Tukala posho, ndiyo ugali wetu, mbichi katikati, yeye na mimi, tukitazamana. Ndipo bibi, mama yake mama, akatuma neno: mahindi yakivunwa kabla mkwe hajaonekana, binti yake harudi tena. Mahindi yalikuwa yameanza kukauka. Mkono mtupu haulambwi, basi tukaenda kwa Hajji kutafuta zawadi.

"Hajji, huyu ni askari wa zamu?" baba akatania, akilinyooshea sinia kidole.

"Afande, huyo ni wa kwenu, unieleze wewe. Mimi nyumbani situndiki picha, lakini hii naipenda."

Nikadakia, maana macho yangu yalikuwa makali tangu utoto: "Fundi kasahau kishikio cha mlango!"

Baba akainama, akautazama mlango ule kwa macho ya kazi yake. "Hajasahau," akasema polepole. "Milango yetu ya jela haina kishikio upande wa ndani. Aliye ndani hana la kufanya. Huu wameugeuza. Aliye nje, hata awe mfalme, kazi yake ni kubisha tu. Nifungie hilo, Hajji."

Kule Busiu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Ni mwiko mkubwa. Mtu mwenye akili hutanguliza rafiki wa kumsemea. Baba, kwa kuzoea kutii amri na kutoa amri, hakumtanguliza mtu. Tukatokea uani, na bibi huyo hapo kibarazani anapukuchua mahindi! Bibi akakimbilia ndani, akapiga komeo. Baba akajifunika uso kwa sinia, picha ikatazama nje, akabisha hivyo hivyo. Mvua ikaanza.

"Nani huyo anatembea na taa mchana?" bibi akauliza kutoka dirishani.

"Ni mimi, mama."

"Sikukuuliza wewe, namuuliza mwenye taa. Wewe si mlango wako uko wazi? Nenda ukaingie!"

Wanawake ndani wakacheka mpaka wakakohoa. Baba akabisha tena. Maji yalimchuruzika mgongoni, viatu vyake vya kazi vikajaa tope. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini sikuwahi kumwona afande akiinama. "Nimekosa, mama," akasema nyuma ya bati. "Nilimtukana shemeji yangu bure. Nimekosa." Akabisha tena, taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.

Komeo likalia. Aliyefungua ni mama. Akalipokea sinia, akaufuta kwanza uso wa Yesu kwa ncha ya kitenge, kisha uso wa baba. "Ingieni, mnalowa," akasema.

Siku hizi picha ile iko kwenye vikombe, saa za ukutani, hata vifuniko vya simu katika maduka ya Mbale. Kwenye vikombe vingine mlango umekatwa, kabaki Yesu na taa, hujui anakwenda wapi. Bado nainunua, aliyeichora alikuwa bingwa. Nami ni bingwa kwa upande wangu: nusu ya mtaa wa Nalufenya, hapa Jinja, inalala nyuma ya mageti niliyochomelea mimi. La kwangu linafunguka kwa simu, nikiwa kitandani. Ila mvuani, nje ya mlango wa mtu, mikono yangu ikiwa haina la kufanya ila kubisha, sijawahi kusimama kama baba alivyosimama. Na sijui kama ningeweza.