Rovu la Dada Raheli

Kwetu milimani, juu ya Soni, mwanamke asiye na rovu tulimtania kuwa ni wa kuja. Mama alikuwa na uvimbe huo shingoni, shangazi alikuwa nalo, na mimi ninalo mpaka leo, limetulia tu wala haliniumi. Kwa hiyo dada yangu Raheli alipoota lake, mwaka 1973, nani angeshtuka? Tulicheka.

Raheli ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Kanisani, na hata kwenye shamba la kijiji siku za kuchimba matuta, sauti yake ilitangulia ndipo majembe yakafuata. Mwaka uliofuata ikaanza kukwaruza. Balozi wetu wa nyumba kumi akasema anajisingizia ili akwepe kazi za ujamaa. Mwalimu wa kwaya, Mzee Sefania, akamrudisha mstari wa nyuma, maana tulikuwa tumechaguliwa kuimba Saba Saba kule Lushoto mjini. Nafasi yake nikapewa mimi.

Nilifurahi, nisiseme uongo. Tangu utotoni nilikuwa mdogo wake Raheli, basi, jina langu halikumhusu mtu. Hata alipolalamika kwamba ugali unamkwama, nilimjibu, "Dada, ni rovu tu hilo. Mama amezeeka nalo."

Tulimpeleka hospitali alipoanza kukoroma akiwa macho. Daktari alimpapasa shingo, kisha akaomba aguse na yangu.

"Lako ni laini, na linacheza ukimeza," akaniambia. "La dada yako ni gumu, limegandana na koo. Hii ni saratani ya tezi, mama."

"Haikatwi, daktari?"

"Hukatwa ikiwa bado ndogo, na wengi huishi miaka mingi. Mngekuja sauti ilipobadilika. Sasa imeshika njia ya hewa, kisu hakifai tena."

Kila juma tuliitwa mkutanoni kuhubiriwa mbolea na kisomo. Habari ya sauti kukwaruza hakuna aliyetuambia. Raheli alinitazama tu. Laiti angekuwa na sauti ya kunitukania!

Tulimzika Novemba, katika mvua. Balozi alilia kuliko wafiwa, na ningeweza kumpiga. Kaburini Mzee Sefania akanigusa bega.

"Anzisha wewe, mdogo wake Raheli."

Nikaanzisha. Waliokuwapo wanasema mpaka leo kwamba sijawahi kuimba vizuri kama siku ile.