Mbegu za Koko na Watu wa Meksiko

Nikisikia harufu ya mahindi yaliyokaa moshini, hasira hunipanda kabla ya hamu ya kula. Mnisamehe, ndivyo nilivyo. Ni harufu ya jiko la Koko, mama yake baba, huko kwetu juu ya Ngaramtoni. Alining'iniza mahindi ya mbegu juu ya mafiga ili wadudu wa dumuzi wasiyaguse.

Kila mwaka kabla ya masika aliwaita wake wa wanawe, akawagawia mbegu kwa mkono wake. Mama yangu, Mchaga na si wa kabila letu, hakuwahi kupewa hata punje. Alipanda za dukani, na wenzake wakamcheka. Nilimchukia Koko kwa hilo, na sioni haya kulisema.

Nilipokuwa darasa la sita, Mama alikwenda tena na kikapu chake, akaketi wa mwisho. Koko aligawa mpaka akamfikia, mkono ukarudi.

"Hizi ni za ukoo wetu tangu mwanzo. Wewe za kwenu si migomba?"

"Sawa, Mama," Mama akajibu, macho chini.

Wiki ile mwalimu wetu wa historia alikuwa ametusimulia habari za watu wa Amerika wa kale. Nikaingia kati yao, wala sikumwinamishia Koko kichwa akiguse kunisalimu, kama ilivyo adabu yetu.

"Mahindi si yenu, Koko! Yametoka Meksiko. Watu wa kule waliyapata kwenye nyasi za porini, wakachagua mbegu nzuri miaka na miaka, wakajenga miji mikubwa kabla mzungu hajatia mguu kwao. Ninyi mmeletewa tu!"

Koko alinigeukia.

"Basi mama yako akawaombe hao," akasema, akawamwagia mbuzi mahindi yaliyobaki. Mama alinizaba kofi palepale. Hakuitwa tena kugawiwa mbegu, na Koko alikufa hawajapatana.

Bado sijamsamehe. Lakini nilishakuwa mtu mzima nilipojiuliza ni akina nani hasa waliochagua mbegu hizo kule Meksiko, wakazipanda pamoja na maharage na maboga, kama si wakulima watunza mbegu kama Koko. Nilimtukana kwa jina la watu ambao, wangefika bomani kwetu siku ile, wangeelewana na Koko kuliko na mimi.