Ubao wa Geessien

Wiki tatu wanakijiji wameniandama niandike habari za Geessien, kana kwamba sina sufuria ya kuangalia jikoni. Shule yenyewe niliiacha mapema nikavune viazi. Haya, naandika. Ila asitokee mtu wa kunisahihisha.

Geessien Huizing alifanya kazi miaka thelathini na minane katika kiwanda cha kadibodi kando ya mfereji wetu, mpaka siku kilipofungwa. Mpe boksi lolote, atalipapasa mara moja akwambie litakubali kupinda wapi na litagoma wapi. Mume alishazikwa, mtoto hakujaliwa. Alichobaki nacho ni Jumatano. Siku hiyo shule hufungwa adhuhuri, na watoto wa kijiji humfuata kwenye chumba cha nyuma cha ukumbi wetu, wakatengeneza michezo kwa maboksi ya dukani. Sharti lake lilikuwa moja.

"Kisichochezeka ni takataka," huwaambia. "Mapambo wapelekeeni mama zenu."

Mwezi wa kwanza, Wubbo Meinders, mwenyekiti wa ukumbi, akaingia akasimama katikati ya chumba, mikono kiunoni.

"Bi Geessien, watu wa mazoezi ya viungo wanakitaka chumba hiki Jumatano. Mimi hapa naona vipande vya maboksi tu."

"Na mimi naona tumbo tu, mbona nimenyamaza?"

Watoto wakaangua kicheko. Wubbo masikio yakamwiva.

"Basi sikiliza. Jumamosi ya mashindano ya kete ya kijiji nileteeni ubao wa kete wa maboksi yenu hayo. Nikicheza mchezo mzima na ubao haujaporomoka, chumba chenu. Ukiporomoka, ufunguo naondoka nao."

Ubao wa kete kwetu kila nyumba inao, umesimamishwa nyuma ya kabati, wa mbao, mzito kama mlango. Mwisho wake una vilango vinne, kila kimoja na alama zake. Unasukuma kete thelathini zipite humo, unakusanya zilizobaki nje, unarudia, mara tatu. Wa kadibodi hakuna aliyewahi kuuona, kwa sababu kadibodi huing'ang'ania kete.

Wakaanza na boksi la jokofu. Fenna, binti wa miaka tisa mwenye ulimi kama wembe, ndiye aliyesema kete za kadibodi ni nyepesi mno, zitiwe washa, vile vipete vya chuma vya bolti, katikati. Zikatiwa. Bado zilikwama. Jumatano ya mwisho, siku tatu kabla ya mashindano, Geessien akachukua pakiti ya wanga wa viazi akanyunyiza ubao mzima, maana ndivyo wazee wetu walivyozifanya kete ziteleze.

"Bibi, umezidisha," Fenna akasema.

"Nilikuwa nakata kadibodi mama yako hajazaliwa!"

Na kweli kete ziliteleza. Geessien akafurahi, akawatuma dukani wakalete boksi jingine. Mvua ikawakuta njiani, wakarudi wanachuruzika.

"Makoti chini, upesi! Wekeni popote, mnakuja kuniugulia hapa!"

Wakaweka popote. Popote penyewe pakawa ubaoni. Yalipokuja kuinuliwa, wanga umekuwa uji, kadibodi imelegea kama mkate uliochovywa kwenye kahawa.

"Nani kaweka makoti hapa?"

Fenna akamjibu: "Si wewe umesema popote?"

"Tokeni! Nendeni kwenu, wote!"

Wakatoka mmoja mmoja. Geessien akafunga chumba, akautia ufunguo mfukoni mwa aproni, akauona mzito kuliko siku zote.

Asubuhi yake alitaka kuifua ile aproni. Kipande cha kadibodi kilikuwa kimeganda kwenye mfuko. Akavuta, hakitoki. Akakwangua kwa kisu, hakitoki. Uji wa jana, uliokaukia karibu na jiko usiku kucha, umekuwa mgumu kama ukucha. Akaketi na aproni mapajani. Kiwandani alishika gundi ya wanga miaka yote ile, halafu wanga uleule ukamshinda mbele ya watoto! Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini mhunzi mwenyewe alikuwa amewafukuza wenzake.

Shule ilipofungwa akawa getini, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi.

"Makoti nilisema mimi," akamwambia Fenna. "Wanga nao nilizidisha mimi."

"Na kutufukuza?"

"Nako ni mimi. Unataka nikuandikie barua?"

"Sitaki barua. Nataka vilango nikate mimi."

Geessien akaisukuma kofia juu. Kisu chake cha kadibodi hakuwahi kumpa mtu.

"Utakata. Ila mkono mwingine nyuma ya kisu, si mbele."

Jioni ile wakapika wanga ukawa gundi. Wakabandika kadibodi tabaka tatu, mikunjo ya tabaka la katikati ikikatiza ile ya juu na ya chini, wakaukandamiza ubao kwa magunia ya viazi. Jumamosi asubuhi wakausugua nta ya mshumaa. Fenna akagonga kwa kidole, ukalia kama mbao.

Ukumbi ulinukia supu ya njegere. Wubbo akakunja mikono ya shati, akasukuma kete kama mtu anayedai haki yake. Raundi ya kwanza, salama. Ya pili, salama. Katika ya tatu kete moja ikapiga nguzo ya kilango cha pili, tak! Nguzo ikainama. Fenna akanyoosha mkono.

"Usiguse," Geessien akamnong'oneza. "Uliikata mwenyewe. Iache isimame."

Ikasimama upande, kama mlevi aliyeegemea ukuta, lakini ikasimama mpaka kete ya mwisho. Wakahesabu alama. Sitini na moja.

"Haiwezekani," Wubbo akasema. "Nyumbani sishuki chini ya mia!"

"Pole, mzee," Fenna akamjibu. "Nyumbani nani anahesabu?"

"Kusanyeni kete. Narudia."

Geessien akazifunika kete kwa viganja vyote viwili.

"Kwanza useme. Chumba cha nani?"

"Bi Geessien, watu wanangoja…"

"Wangoje."

"Chenu! Haya, chenu. Leteni kete!"

Akacheza tena mara mbili, supu ikampoa. Ufunguo haukutoka kwenye aproni.

Nimemaliza. Sasa zamu yako, usinitumie salamu za kunisifu. Una boksi nyuma ya mlango, nalijua. Likate, weka vilango vinne, muite mtoto mcheze raundi tatu, uniletee hesabu. Na hesabu afanye mtoto.