Kikao cha ukoo kilipoamua kwamba figo niliyopewa na dada ilishachanjwa korona

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, hapa hapa Arusha, Kijenge. Sijaongeza chumvi. Nilichobadili ni majina tu, maana dada yangu anaingia humu kusoma na hasira zake ziko karibu.

Nina miaka arobaini na ushee, mke mmoja, binti mmoja, kazi yangu fundi friji.

Figo zangu zote mbili zilikufa. Nikakaa kwenye mashine ya kusafisha damu mpaka manesi wakawa wanakiita kile kiti kwa jina langu. Ndipo dada yangu mkubwa, nimwite Manka, akapimwa, akakutwa tunaendana. Akatoa figo yake moja, nikapandikizwa.

Tangu nitoke hospitali, dada ananipigia simu kila asubuhi. Hasalimii. Anauliza, "Figo yangu imeamkaje?"

Namjibu imeamka salama. Anasema haya, anakata.

Kwa wasiojua, ukishapandikizwa figo unameza dawa za kushusha kinga kila siku ya maisha yako. Kinga ya mwili ni kama mlinzi wa getini. Akiona figo ngeni anataka kuitimua. Dawa zinamlaza. Tatizo, akilala yeye hata wezi wenyewe wanapita.

Kwa hiyo korona, ambayo jirani yangu aliugua siku tatu akarudi dukani kwake, mimi ingeweza kunizika.

Miezi kadhaa baada ya upasuaji, daktari wangu wa kliniki, mama mmoja mpole asiyependa maneno mengi, akaniambia muda umefika, nikachanje.

Nikamjibu, "Sawa daktari, ngoja nikashauriane na nyumbani."

Wakuu, hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Sisi ni Wachaga wa Machame tuliohamia Arusha. Kwetu "nyumbani" siyo mke na mtoto. Nyumbani ni kikao.

Kabla sijafika kwenye kikao, niwaambie nilivyokuwa naishi. Nilikuwa sitoki. Barakoa mbili, moja juu ya nyingine, ndani ya nyumba yangu. Wageni nilikuwa nawasalimia dirishani. Friji za wateja naziagiza zikae uani kutwa nzima juani kabla sijazigusa, kana kwamba zimetoka safari.

Mke wangu naye akawa anaosha ndizi za mtori kwa sabuni, na maganda yake, halafu akishamenya anaosha tena. Nimekunywa mtori wenye harufu ya sabuni ya unga kwa muda mrefu, na nilikuwa nasema mtamu.

Halafu binti yangu alikuwa anakaribia kipaimara. Miezi michache tu mbele. Nikamwambia baba atakuangalia kwenye simu, mama atarusha video. Akasema, "Sawa baba," akaenda chumbani kwake. Iliniuma sana, ila hofu ilikuwa kubwa kuliko maumivu.

Basi bwana, kikao kikaitishwa Jumapili baada ya ibada, kwa Baba Mkubwa, huko juu kwenye miteremko ya Meru.

Baba Mkubwa ni bwana mifugo mstaafu. Ng'ombe wa upande ule karibu wote wameonja sindano yake, wao na mama zao. Ikitajwa habari ya chanjo, ukoo mzima unageuka kumwangalia yeye. Ndiye mwenyekiti pia.

Katibu ni mimi. Nimekuwa katibu tangu ujana kwa sababu ya mwandiko. Kwa hiyo siku ile, ingawa nilikuwa sitoki, nilikaa pale karibu na mlango na barakoa zangu mbili na daftari, naandika muhtasari wa mwili wangu mwenyewe.

Sala ya ufunguzi ilikuwa ndefu, figo ikatajwa mara nne. Agenda ya kwanza, chanjo ya katibu.

Baba Mkubwa akasimama. "Mimi nimechanja mifugo miaka thelathini. Ng'ombe dhaifu hachanjwi. Unamwacha kwanza anenepe."

Ukoo mzima ukageuka kuniangalia, kuanzia shingoni kushuka chini. Mimi ni mwembamba tangu kuzaliwa wakuu, hata kabla ya ugonjwa. Nikaandika: *Azimio la kwanza, mgonjwa anenepeshwe.*

Mke wangu ni Mmeru na hana woga. Akauliza kwa adabu kabisa, "Baba, na korona ikimkuta kabla hajanenepa?"

Ng'ombe tu ndio waliosikika huko bandani.

Baba Mkubwa akafikiri. Akamgeukia dada. "Manka, wewe si ulichanja?"

"Nilichanja, Baba."

"Kabla ya kutoa figo, au baada?"

"Kabla."

Mzee akafungua mikono kama mtu aliyemaliza kazi. "Basi tunahangaika bure. Figo ilishachanjwa."

Makofi! Wakuu, yalipigwa makofi kama kwenye harusi. Shangazi mmoja akapiga na vigelegele. Na niseme ukweli kama nilivyoahidi, hata mimi nilipiga. Nikaandika: *Azimio la pili, figo isichanjwe mara mbili.*

Mtaniuliza, mtu mzima, umesoma, unatengeneza friji, uliaminije? Niliamini kwa sababu nilitaka kuamini. Sindano siiogopi, nimechomwa kuliko ng'ombe wote wa Baba Mkubwa. Nilichoogopa ni hiki: nikichanja, kitu kikaharibika, figo ikafa, nitamwambia nini dada? Mwenzangu ana kovu la upasuaji ubavuni kwa ajili yangu. Figo ingekuwa ya dukani labda ningethubutu.

Dada alikuwa anakula ndizi kimya kimya. Akafuta mikono, akaomba nafasi kwa mwenyekiti.

"Kama figo ilishachanjwa," akasema, "basi akachanje sehemu iliyobaki."

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Nikataka kujua niandike azimio gani, hakuna aliyenijibu.

Tulipotoka nje kunyoosha miguu, dada akanivuta pembeni, karibu na banda. Safari hii hakuwa anatania.

"Nilikupa figo uishi nayo. Wewe umeifanya kama vile vyombo vya mama vya kabatini, havitoki mpaka mgeni aje, na mgeni mwenyewe haji. Mtoto anapata kipaimara, wewe unaangalia kwenye simu. Kama ndio hivyo bora ningebaki nayo."

Nilisimama pale naangalia ng'ombe.

Kikao kikarudi, kikatafuta njia ya kutomuaibisha mwenyekiti. Ikaamuliwa upelekwe ujumbe wa ukoo kwa daktari, na muhtasari uliosainiwa. Mjumbe mkuu Baba Mkubwa. Wengine mimi, mke wangu na dada.

Siku ya kliniki Baba Mkubwa alivaa koti lake la ushemeji, lile la kwenda kuposa. Akamkabidhi daktari karatasi kwa mikono miwili.

Daktari akasoma. Alipofika azimio la pili akainua karatasi ikamfunika uso, mabega yakawa yanatikisika. Alikaa hivyo muda. Alipoishusha, macho yana machozi, ila uso wa kazi.

Akaeleza taratibu. Kinga haikai kwenye figo. Dada alichanjwa, kinga ikabaki kwa dada, mimi nilipewa figo tu. Na kwa mtu mwenye kinga iliyoshushwa, sababu ya kuchanja ni kubwa zaidi, siyo ndogo.

Baba Mkubwa hakukubali kirahisi. Akauliza, "Daktari, hii chanjo, kimelea chake ni hai au hakina uhai?"

Daktari akamwangalia kwa heshima mpya. "Mzee, hilo ndilo swali lenyewe." Akasema kuna chanjo za magonjwa mengine zenye kimelea hai kilichodhoofishwa, hizo kweli mtu kama mimi hapewi ovyo. Ila hii atakayonipa haina kirusi hai, kwa hiyo haiwezi kuniletea korona.

Mzee akakaa wima. Alikuwa amepatia nusu, na hiyo nusu ameitembeza ukoo mzima mpaka leo.

Halafu daktari akaongeza jambo ambalo kikao hakikulitegemea. Kwamba mwili wangu, kwa sababu ya dawa, unaweza usiitikie chanjo vizuri kama wa wengine. Nitahitaji dozi zaidi, atanipangia. Dawa zangu nisiache hata siku moja, barakoa palepale. Na wanaonizunguka nao wachanje, ili wasiniletee.

Akafunga faili. "Haya, ninyi mliomsindikiza, nani hajachanja?"

Dada akamwangalia Baba Mkubwa. Mke wangu, ambaye alichanja zamani, akamwangalia Baba Mkubwa. Mimi nikaangalia dari.

Mzee akakohoa. "Mimi nilikuwa nasubiri..."

"Mzee wangu," daktari akasema, "wewe umeshanenepa."

Wakuu, mtu aliyechoma sindano miaka thelathini anaogopa sindano! Alivua koti kifungo kimoja kimoja, akatazama ukutani, akanishika mkono mpaka vidole vyangu vikafa ganzi. Akauliza kama imeisha. Nesi akamwambia, "Mzee, bado hata sijafungua."

Mimi nilichomwa baada yake. Mkono uliuma, nikawa na homa kidogo na uchovu, keshokutwa yake nikawa naokoa friji ya mtu. Vipimo vya figo vikafuata, viko vizuri. Dozi zilizofuata nilikwenda bila kikao.

Jumapili ya kipaimara, asubuhi, simu ikaita kama kawaida.

"Figo yangu imeamkaje?"

Nikamwambia, "Imeshavaa suti."

Dada hakukata simu. Nikasikia analia. Nami nikalia, na barakoa ikalowa kabla hata sijafika kanisani. Nilikaa benchi la mwisho, karibu na dirisha, nikamwona mwanangu kwa macho yangu haya.

Nilichojifunza: familia ikupende, ikuombee, ikusindikize, ila swali la mwili wako kampelekee daktari anayeujua mwili huo. Kama unameza dawa za kushusha kinga, una saratani, una VVU, umepandikizwa kiungo, usiamue kwa kusoma uzi wangu wala wa mtu mwingine. Nenda kliniki yako ukaulize. Usikae miezi unaogopa kama mimi.

Haya, uwanja ni wenu. Waliopitia haya walete yao, wenye maswali waulize, wa kunicheka wanicheke.

Ila atakayekuja kunieleza habari za ng'ombe, nafasi hiyo kwenye ukoo wetu ina mtu.