Kidole cha Nne cha Joka

Orrin Haskett hakuwa mtu wa kusema mbele za watu. Miaka thelathini alipaka rangi michoro ya katuni huko Burbank, mji wa studio za sinema, kichwa amekiinamisha, na hata kustaafu alistaafu kimyakimya. Lakini Jumamosi hiyo, katika ukumbi wa maktaba, damu ilimchemka.

Watu walikuja kulinganisha sinema mbili za riwaya moja ya joka: ile ya zamani ya katuni, na hii mpya yenye waigizaji. Mgeni alikuwa Brent Lockyer, aliyelibuni joka jipya kwa kompyuta.

"Ile katuni sikuigusa kabisa," Brent alijigamba. "Sisi tulirudi kitabuni. Katuni mambo ya watoto, jamani!"

Watu wakacheka. Sinema mpya ikarushwa kwenye ubao mweupe wa kuandikia, joka lake likakanyaga mnara. Orrin akahesabu vidole vya mguu wa kushoto. Vinne.

Akasimama. "Kitabu kinasema vitatu."

"Kaa bwana, kahawa yako inapoa," jirani yake Mabel akamtania.

"Sikai! Cha nne alikizua mke wangu, Delphine. Wiki ya mwisho ya kuitengeneza katuni ile, mimi naye tulikuwa tunalala chini ya meza za kazi. Kwa uchovu akaupaka mstari wa kivuli rangi ya kidole. Muda wa kurudia hakuna, msimamizi akaamuru michoro yote ifuate hivyo hivyo. Wewe kijana umekitoa wapi?"

Brent akaisimamisha sinema, akawa mwekundu. "Basi mzee, yaishe. Sinema ya pili tutakifuta."

Hapo ndipo Orrin alipowaka. Mwishoni mwa katuni ile waliandikwa wakubwa tu. Jina la Delphine halikuwamo. Alikwenda kaburini akiwa ameacha kidole hicho tu.

"Umemwibia, sasa unataka kumfuta? Kidole kibaki! Jina ndilo liandikwe!"

"Majina siamui mimi, mzee wangu."

"Kuiba je, aliamua nani?"

Safari hii Mabel hakutania. "Mjibu," alisema.

Orrin akapita katikati ya viti, akachukua kalamu ya ubao, na juu ya ule mguu akaandika kwa herufi kubwa: DELPHINE HASKETT.

"Haya, endelea na sinema yako," akasema, akabaki amesimama palepale, kalamu mkononi.

Joka likapita, mnara ukaanguka. Jina lilibaki pale.